Tumbo la Odero wa Geti

Odero alikabidhiwa geti la reli mwaka wa 1989, na kwa miaka mitano hakuna gari wala mtu aliyeguswa na treni mahali pale. Lilikuwa geti la barabara ya viwandani, pale reli inapokata lami kwenda kwenye maghala ya mafuta. Kazi yenyewe ilikuwa hivi: simu ya kibandani inalia, mtu wa stesheni anasema treni imetoka, Odero anashusha boriti ndefu ya chuma iliyopakwa rangi nyekundu na nyeupe, anaifunga kwa pini, kisha anasimama kando ya reli na bendera ya kijani mpaka behewa la mwisho lipite. Mara kumi kwa siku, siku nyingine mara kumi na tano. Alikuwa Mluo wa Ugenya, mrefu, mtu wa maneno machache, na shati lake la kazi alilipiga pasi mwenyewe ingawa mkewe alimshinda mbali kwa kupiga pasi.

Mkewe aliitwa Kezia. Walikaa mtaa wa Kaloleni, kwenye zile nyumba za zamani za kaunsili ya jiji, chumba kimoja na jiko, wao na binti yao Mitchelle aliyekuwa na miaka saba. Choo kilikuwa nje, cha nyumba nne, na ufunguo wake ulining'inia kwenye msumari mlangoni kwa Mama Clare, jirani aliyejua kila aliyeingia na kila aliyetoka.

Tumbo lilianza Februari ya 1994. Mwanzoni alidhani ni maji, kwa kuwa mwezi ule bomba la mtaa lilikuwa likitoa maji ya rangi ya chai. Alikunywa dawa ya duka, akapata nafuu siku mbili, likarudi. Aprili akaona damu. Hakumwambia mtu. Mei alikuwa akienda choo mara sita kwa siku, Julai mara kumi, na kila safari ilianza vilevile: tumbo linabana upande wa kushoto kama nguo inayokamuliwa, jasho linatoka shingoni, na kuanzia hapo ana dakika mbili, pengine tatu, si zaidi. Ilimpasa kuupata mlango kabla dakika hizo hazijaisha.

Maisha yake yakawa ya kuhesabu milango. Alijua choo cha msikiti, cha hoteli ya samaki, cha kituo cha mafuta ambacho mwenyewe hakubali mtu asiyenunua. Jumapili aliacha kwenda kanisani, kwa sababu huwezi kuinuka mara nne katikati ya mahubiri watu wasikugeukie. Aliacha kula asubuhi, akaacha kula mchana, akidhani tumbo tupu haliwezi kumwaibisha. Shati lililokuwa likimkaa vizuri likawa linamwelea. Ufunguo wa choo aliuiba siku moja, akachongesha mwingine soko la Burma, akaurudisha wa kwanza kwenye msumari kabla Mama Clare hajatambua. Lakini Mama Clare hakuhitaji ufunguo ili ajue. Aliona mtu anayekonda, anayeharisha, anayejificha. Mwaka ule watu wa Kaloleni walikuwa wamezika wengi waliokwenda hivyohivyo, na jina la ugonjwa halikutajwa; watu walishusha sauti tu, wakaangalia pembeni.

Kezia naye alianza kulala kwenye mkeka, karibu na Mitchelle. Alisema mtoto anaota vibaya. Odero hakuuliza zaidi, naye hakueleza zaidi.

Tarehe kumi na tisa Septemba, saa tano asubuhi, simu ya kibandani ililia. Treni ya mafuta, mabehewa kumi na nane, itafika baada ya dakika nane. Odero akajibu vizuri, akaweka simu chini, na alipokuwa akishusha boriti tumbo likabana.

Alijua la kufanya. Kanuni ilisema mlinzi asiondoke getini treni ikishaitwa, hata kama nyumba yake inaungua. Lakini dakika nane ni nyingi, aliwaza, na kiwanda cha sabuni chenye choo kipo hapohapo ng'ambo, mlinzi wake ni rafiki. Alishusha boriti. Akasukuma pini kwa haraka, ikagonga ukingo wa tundu lake badala ya kuingia, naye akadhani imeingia. Akakimbia.

Alikuwa amechuchumaa kwenye choo cha kiwanda aliposikia honi za magari, ndefu, za hasira. Akajaribu kuinuka, tumbo likamrudisha chini. Halafu akasikia honi ya treni. Haikupiga mara moja kama kawaida yake, ilipiga mfululizo bila kukoma, na nyuma yake ukafuata mlio wa chuma kinachosuguana na chuma, mlio ambao kwa miaka mitano alikuwa amekaa pale ili usisikike.

Alitoka akishikilia suruali kwa mkono. Treni ilikuwa imesimama. Mbele yake, hatua saba au nane, kulikuwa na lori la mahindi limeziba reli, na dereva wa lori alikuwa amesimama kando, mikono kichwani. Alikuwa amechoka kungoja, akashuka, akaisukuma boriti juu, nayo kwa kukosa pini ikakubali. Lori likazimika katikati ya reli. Aliyeokoa ni Nerima, mwanamke wa Kibukusu aliyeuza chai na mandazi kando ya kibanda. Alichukua kibandani bendera nyekundu ya hatari ya Odero, akakimbia juu ya mataruma ya reli kuelekea treni akiipeperusha na kupiga mayowe, mpaka dereva wa treni akamwona.

Nerima alimwangalia Odero akija. Bendera ilikuwa bado mkononi mwake.

"Ndugu yangu," alisema, pumzi ikimkatika, "wewe ulikuwa wapi?"

Alasiri ile alisimama mbele ya Bwana Matheka, msimamizi wake, Mkamba mtu mzima aliyeanza kazi ya reli kabla ya uhuru. Matheka hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali kama angepiga.

"Ulikuwa umelewa, Odero?"

"Hapana, mzee. Sinywi."

"Basi?"

"Tumbo, mzee."

"Tumbo la leo?"

Matheka akavua miwani.

"Nimekuangalia tangu mwezi wa sita. Umebaki mifupa. Mimi si mtoto. Enda kwa daktari, uniletee barua. Bila barua sikurudishi getini, na kama barua ina jambo baya, nitajua la kufanya. Lakini geti sikupi tena mpaka nijue una nini."

Alipofika nyumbani, habari zilikuwa zimemtangulia. Kezia alikuwa amekaa kwenye kigoda, mikono mapajani, na Mitchelle ametumwa kwa jirani. Hakumkaribisha.

"Baba Mitchelle, nimekuuliza kwa macho miezi mingi. Leo nakuuliza kwa mdomo. Kama umeniletea kifo ndani ya nyumba hii, niambie, nijue nitamwacha huyu mtoto na nani."

"Sijui nina nini, Kezia."

"Na kwenda kupimwa?"

"Naogopa."

Hilo ndilo neno la kweli alilosema mwaka mzima. Kezia alilia kidogo, akajifuta kwa kanga, akasema kesho watakwenda wote wawili.

Hospitali waliyokwenda ilikuwa kubwa, yenye foleni inayozunguka jengo. Walitolewa damu wote wawili, wakaambiwa majibu ni baada ya wiki mbili. Kisha Odero akapelekwa kwa daktari wa matumbo, mwanamke Msomali wa Garissa aliyeitwa Khadro, mwenye mtandio wa kijivu na sauti isiyo na haraka. Aliuliza maswali ambayo hakuna aliyewahi kumuuliza. Damu imechanganyika na choo au iko juu yake? Unaamka usingizini kwenda? Ukimaliza, unahisi bado? Halafu akamwambia alale kwa ubavu, akamwingiza kwa nyuma mrija wenye taa. Odero aliuma ukingo wa shuka. Aliwaza kwamba mwanamke huyu amekwisha kuona ndani yake mahali ambapo hata yeye hajapaona, na aibu ilimpanda mpaka masikioni.

"Vaa, bwana Odero," alisema daktari baadaye. "Nimekuona. Utumbo wako mpana una vidonda, kuanzia chini kwenda juu upande wa kushoto. Nimekata vipande vidogo vya kupima, lakini sina shaka nyingi. Si minyoo, si amiba. Kinga ya mwili wako inapigana na utumbo wako mwenyewe."

"Ni ule ugonjwa?"

"Ukimwi? Damu itasema. Lakini huu ninaouona ni mwingine, na hauambukizi mtu. Hatuuoni sana hapa kwetu, ndiyo maana wengi wanapewa dawa ya amiba mpaka wanachoka."

"Unapona?"

"Unatulizwa. Tunaweza kuutuliza hata usahau kama upo. Kuuondoa, hapana."

Wiki mbili za kungoja damu zilikuwa ndefu kuliko miezi yote iliyotangulia. Mama Clare alikuja mara tatu kuazima chumvi. Siku ya majibu Kezia alishika mkono wa mumewe kwenye benchi la hospitali kwa nguvu hata pete ikaacha alama, na walipoambiwa kwamba wote wawili hawana, hakuruka wala hakupiga vigelegele. Aliinama, akakaa hivyo kwa muda, kichwa magotini. Usiku ule mkeka haukutandikwa.

Dawa zilikuwa za aina mbili: vidonge vikubwa vya manjano, vinane kwa siku, na vingine vidogo vyeupe ambavyo daktari alivihesabu mara mbili mbele yake. "Hivi vyeupe vina nguvu," alisema. "Vitazima moto upesi. Lakini tutavipunguza polepole, kwa hesabu yangu. Usiviache ghafla hata siku moja, hata ukijiona mzima. Hivi vya manjano utakaa navyo miaka."

Siku ya nane Odero alikwenda choo mara nne tu. Siku ya kumi na mbili hakuona damu. Wiki ya nne alimsindikiza Mitchelle shuleni kwa miguu, njia ndefu, ile isiyopita karibu na choo chochote, na alipofika langoni alitambua kwamba hakuwa amehesabu milango. Alisimama pale akitabasamu peke yake mpaka mwalimu akamuuliza kama amepotea. Alikula samaki mzima na ugali. Alirudi kanisani, akakaa benchi la nyuma, ibada ikaisha bado amekaa.

Lakini dawa nazo zilikuwa na yake. Vya manjano vilimtia kichefuchefu na kuugeuza mkojo kuwa rangi ya Fanta. Vyeupe vilimpa njaa isiyoshiba, vikamnyima usingizi, uso ukavimba ukawa wa mviringo, mashavu yamejaa kama ya mtoto anyonyaye. Vijana wa kona, wakidhani amenenepa kwa kupata pesa, walimpigia kelele: "Niaje buda, umeomoka!" Na hasira. Jioni moja Mitchelle alimwaga chai mezani, na Odero, mtu ambaye hajawahi kumpazia mtoto sauti, alirusha thamosi ukutani ikavunjika. Mtoto alikimbilia nyuma ya mama yake. Odero aliangalia vioo sakafuni kama vimevunjwa na mtu mwingine.

"Tumbo limetulia," alisema Kezia akiokota vipande, "sasa kichwa ndicho kinachoharisha."

Odero alitaka kucheka na kulia. Alimwambia daktari juu ya thamosi, na daktari akasema ni dawa, itapungua kadiri vidonge vinavyopungua, mwambie mama watoto avumilie. Ikawa hivyo. Januari ya 1995 barua ya daktari ilimrudisha getini, kwa masharti: Matheka aliagiza mlinzi wa kiwanda cha sabuni asimfungie mlango, na Odero aandike jina la ugonjwa wake kwenye faili.

Hapo mambo yangeweza kutulia. Kilichoyavuruga ni furaha.

Mchungaji wao alikuwa amesikia jinsi Odero alivyorudi kutoka mlangoni pa kaburi, akamwomba atoe ushuhuda. Odero alisimama mbele ya watu mia mbili, akaeleza kuhusu treni, damu na majibu ya hospitali. Watu walikuwa wakilia. Na mwisho, kwa sababu walikuwa wakimngojea aseme neno fulani, akalisema: "Nimepona." Kanisa likaitika kwa nguvu. Wapo waliomkumbatia. Mama Clare mwenyewe alimkumbatia.

Baada ya hapo kila kidonge kilimkaa kooni. Jumapili moja, kwenye chakula cha ushirika, mzee mmoja alimwona akimeza vile vya manjano. "Si ulisema umepona, ndugu Odero? Hivi vya nini tena?" Alisema ni vitamini. Ulikuwa uongo mdogo, lakini ulimuuma zaidi ya maradhi. Aliwaza siku tatu. Ama alidanganya kanisa, ama anamdharau Mungu kwa kumeza. Jumatano aliacha vyote, vyeupe vikiwa vimebaki viwili kwa siku, vya manjano vinane. Hakumwambia Kezia. Pakiti aliziacha kabatini, na kila asubuhi alitoa vidonge vya siku hiyo akavitupa chooni, ili hesabu iende sawa.

Wiki ya kwanza alijiona mwepesi. Ya pili mwili ulilegea, akasema ni jua. Ya tatu damu ilirudi, nyingi kuliko mwanzo. Akaanza tena kula nusu sahani, kuinuka kabla wengine hawajaamka, kupiga pasi shati kwa mkono mmoja huku mwingine umeshika tumbo. Kezia alimwangalia. "Unameza dawa?" "Nameza." "Baba Mitchelle?" "Nimesema nameza."

Siku ya Ijumaa, mwezi wa Mei, alikuwa kibandani akitetemeka kwa homa, koti juu ya koti. Alikuwa ameenda kiwandani mara tano tangu asubuhi. Simu ikalia. Treni ya mafuta, mabehewa ishirini, iko tayari kutoka. Tangu siku ya lile lori, stesheni iliuliza kwanza: ataipokea?

Tumbo likabana palepale, mkono ukiwa kwenye simu.

Nje, barabara ilikuwa imejaa: malori, mikokoteni, wafanyakazi wa viwanda wakivuka kwenda kula. Nerima alikuwa akikaanga mandazi, mgongo umemwelekea. Odero aliiangalia pini ikining'inia kwenye mnyororo wake. Aliona lile lori la mahindi, waziwazi, kama bado limesimama pale. Akaona pia mzee Matheka akivua miwani, na kanisa zima likigeuka kumtazama.

"Geti, unanisikia?" ilisema simu. "Naitoa treni?"

"Hapana," alisema Odero.

"Nini?"

"Usiitoe. Mimi ni mgonjwa. Siwezi kulinda geti. Nasema usiitoe, andika jina langu, andika kwamba nimekataa. Mpelekee mzee Matheka habari, alete mtu mwingine."

"Bwana, unajua unachosema? Hii ni treni ya mafuta."

"Ndiyo maana nasema."

Alipoweka simu chini, alijaribu kutembea kwenda kiwandani, hakufika. Nerima alimkuta chini kando ya reli, suruali imelowa damu. Aliita watu wa mkokoteni, akavua kanga yake akamfunika ili wapita njia wasione, na akaapa kwamba atakayecheka atamwagiwa mafuta ya mandazi.

Alilazwa siku kumi na tisa. Aliongezewa damu chupa tatu. Daktari Khadro alimkasirikia kwa namna yake, bila kupandisha sauti. "Vidonge vyeupe ukiviacha ghafla mwili unaweza kuzimika wenyewe, mbali na utumbo. Nilikwambia. Kwa nini?" Odero akamweleza kuhusu ushuhuda. Daktari alikaa kwenye ukingo wa kitanda. "Mimi naswali mara tano kwa siku," alisema, "na nina pumu, na bomba langu la kuvuta liko hapa mfukoni. Sijaona bado vikigombana."

Kezia hakusema lolote kuhusu uongo wake mpaka siku ya kutoka. Njiani, kwenye lango la hospitali, alisimama. "Nilikuwa nahesabu pakiti," alisema. "Zilikuwa zinapungua sawasawa. Ukanifanya nijione mimi ndiye mbaya, namshuku mume wangu. Hilo usilifanye tena. Afadhali ugonjwa." Odero alimwomba msamaha. Hakupewa siku ile. Alipewa baadaye, kidogokidogo, kwa muda usiojulikana ulianza lini.

Kanisani alisimama tena, safari hii bila kualikwa mbele, palepale kwenye benchi. Alisema hajapona. Alisema anameza vidonge vinane kila siku na ataendelea, na kwamba aliposema vinginevyo alikuwa anaogopa kuwaangusha. Wengine waliitika, wengine wakanyamaza. Yule mzee wa vitamini alianza kumkwepa. Lakini mwanamke mmoja wa kwaya alimfuata nje, akamuuliza kwa sauti ya chini jina la yule daktari wa matumbo.

Geti hakulipata tena. Matheka alimwita, akamwambia kwamba kuizuia ile treni kulichelewesha mafuta kwa saa nne na ofisi ya juu imepiga kelele, na kwamba yeye Matheka amejibu kuwa ndiyo kazi bora iliyofanywa getini pale mwaka huo. Kisha akampeleka stoo ya mizigo, ndani ya jengo, kuandika vifurushi vya abiria, choo mlango wa pili. Odero aliona uchungu. Stoo haina upepo, haina bendera, na hakuna mtu anayesimama kwa sababu wewe umesimama. Miezi ya kwanza alikuwa akisikia honi ya treni mbali na mwili wake ukainuka wenyewe kabla hajakumbuka. Kazi ilikuwa ya mtu mgonjwa, na kila mtu pale alijua ni ya mtu mgonjwa. Alikwenda kazini hivyohivyo.

Ugonjwa ulirudi mwaka wa 1996, wiki tatu, na tena mwanzoni mwa 1997. Mara zote mbili alimwambia Kezia siku ya kwanza, akaenda kwa daktari siku ya pili, akarudishiwa vyeupe, akavimba uso, akakosa usingizi, akawaonya watu wa nyumbani kwamba atakuwa mkali na wasimchukulie. Mitchelle, sasa ana miaka kumi, alificha vikombe vya kioo kabla hajaambiwa. Walicheka wote, naye akacheka, ingawa kicheko kilikuwa na kitu ndani yake.

Desemba ya mwaka ule mdogo wake Kezia alifunga ndoa, na karamu ikafanyiwa kwenye ukumbi wa Kaloleni. Hotuba zilikuwa nyingi, kila mjomba na yake. Odero alikuwa katikati ya safu ya nne, amebanwa na wakwe kushoto na kulia. Mjomba wa tatu alipokuwa akianza, tumbo likamgusa, kidogo. Aliinuka, akasema "samahani, tumbo" kwa sauti ya kawaida, watu wakavuta magoti akapita. Alikaa nje dakika kumi hivi. Aliporudi, Kezia alikuwa ameweka mkoba wake kwenye kiti ili kisikaliwe, na mjomba yuleyule alikuwa bado anaongea. Kezia aliuondoa mkoba bila kugeuka, naye akaketi.